Kambale na Uzi wa Njano

Kwetu Butembo ukisimama kando ya maji ukaita "Kambale!", samaki hageuki. Wanageuka wanaume watatu na mtoto mmoja wa shule. Mtoto wa kiume wa pili katika nyumba ya Kinande huitwa Kambale, na nyumba za Kinande hazijawahi kupungukiwa na watoto wa kiume wa pili. Mimi ni mmoja wao. Watu wa pwani, ambao kwao kambale ni yule samaki wa matope mwenye sharubu, wakisikia jina langu hucheka kwanza, salamu baadaye. Kwa hiyo mdogo wangu Kasereka, anayenifuata kwa kuzaliwa, aliponitumia zana za kuvulia samaki kutoka Norwei, nilijua ni utani wa kifamilia. Sikujua kwamba zana zenyewe nazo zilikuwa na utani wao.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na miwili nimelala na kuamka na uzi. Najua uzi wa jinzi na uzi wa kitenge, najua sindano namba 11 ya kitambaa chepesi na namba 16 inayotoboa turubai, najua kwa mlio wa mashine tu kwamba bobini inakaribia kwisha. Mtu wa namna hiyo akiletewa uzi hasomi maelezo. Nakiri mapema ili tusisumbuane mbele ya safari.

Mzigo ulibebwa na msafiri hadi Entebbe, ukapanda basi hadi Kasese, ukavuka mpaka pale Kasindi, ukapitia Beni, ukamalizia zile kilomita hamsini na kitu za mwisho juu ya pikipiki. Njiani ufito wake, wenye vipande vinne vinavyochomekana, uliulizwa mara tatu kama ni antena ya redio, na upande huu wa Kongo swali hilo halijibiwi kwa kucheka. Ulipofika niliutandaza juu ya meza ya kukatia: ufito, kigurudumu kilichokwisha kusokotewa uzi, kikasha chenye inzi kumi na wawili waliotengenezwa kwa manyoya ya ndege, na vipakiti vya nailoni nyembamba ambayo Kasereka huiita lida.

Ule uzi wa kwenye kigurudumu ndio ulionistaajabisha. Ulikuwa wa njano kama ndizi mbivu, mnene kama kamba ya kiatu, umevishwa plastiki laini inayoteleza vidoleni. Mwishoni mwake ulikuwa na kitanzi kidogo, kimefungwa kiwandani, nadhifu kuliko tundu lolote la kifungo nililowahi kushona.

Mke wangu, Mama Masika, akapita na besani la nguo mbichi, akasimama.

"Baba Masika, hii si ndiyo kamba ninayokuomba tangu Pasaka?"

Alikuwa na haki. Kamba yake ya zamani ilikatika siku ya mvua, na mashati meupe ya shule yakalala kwenye matope mekundu, mbele ya majirani. Nikatazama kigurudumu: uzi ulikuwa mwingi, umejaa hadi mdomoni. Nikauvuta, nikaupima kwa mkono kama ninavyopima kitenge, toka mparachichi hadi pembe ya jiko. Mita kumi na mbili. Nikakata. Kitambaa hakina kichwa wala mkia. Ukikata mita mbili kutoka mwanzo wa robota au kutoka mwisho, shati ni lilelile. Mama Masika alifurahi hasa kwa kile kitanzi: kiliingia kwenye msumari wa mparachichi kana kwamba kilitengenezwa kwa ajili yake. Jioni hiyo nililala nikijiona mume mwema, na bado nilikuwa na uzi wa kutosha wa kuvulia.

Kesho yake nikageukia namba. Kwenye kigurudumu Kasereka alikuwa amebandika karatasi: WF8F. Kwenye pakiti ya nailoni: 4X. Akili yangu ya ufundi ikasema nane ni kubwa kuliko nne, basi tunatoka kwenye unene wa nane kwenda unene wa nne, safi kabisa. Kumbe hizo ni namba za ukoo mbili tofauti, kama kiatu namba 40 na shati namba 40. Kwenye uzi mnene namba ikipanda uzito unapanda. Kwenye lida namba ikipanda, unene unashuka: 4X ina kama sehemu 18 za mia za milimita, na 5X ni nyembamba zaidi, sehemu 15. Hili la pili halikunishangaza sana, kwa sababu hata uzi wetu wa cherehani ndivyo ulivyo, uzi wa 60 ni mwembamba kuliko wa 40, ilhali sindano zinakwenda kinyume. Nilishangaa tu kukuta wavuvi nao wameamua kuwa na ugonjwa uleule.

Nikamtumia Kasereka ujumbe wa sauti: nifunge vipi nyembamba kwa nene? Akajibu akiwa mahali penye upepo.

"Yaya, ni rahisi. Uzi una kitanzi, lida ina kitanzi. Pitisha kitanzi cha uzi ndani ya kitanzi cha lida, kisha ivute lida yote kupitia kitanzi cha uzi. Vitanzi vishikane kama watu wawili wanaopeana mikono, basi."

Nikatazama uzi wangu. Haukuwa na kitanzi. Nikamwambia hauna.

"Hauna? Basi utakuwa ule wangu wa zamani, nilichanganya. Funga tu kwa fundo."

Fundo! Mtu anamwambia fundi cherehani afunge fundo. Nikalaza ncha mbili pamoja nikazifunga kama ninavyounga uzi wa mashine ukikatika, nikakaza kwa meno, nikaenda kwa Mzee Kakule.

Mzee Kakule ana bwawa la tilapia bondeni, chini ya mji, kati ya migomba na mikaratusi. Samaki wake wanakula majani ya muhogo na pumba za kinuni, na wamenenepa kwa utulivu wa wasio na adui. Alinikubalia kwa sharti moja: samaki atakayetoka majini, kwa ndoana au kwa mshtuko, atapimwa kwenye mizani na kulipwa kwa kilo.

Uvuaji huu, kwa wasioujua, hauanzi mbele. Unaanza nyuma. Unapeleka uzi juu nyuma ya bega, unaungoja ujinyooshe, ndipo unautupa mbele. Nikaupeleka nyuma. Huko nyuma kulikuwa na mgomba. Inzi wa kwanza akashika jani, nikavuta kwa hasira, na fundo langu la miaka ishirini na miwili likafanya jambo ambalo sijawahi kuliona: halikukatika wala halikufunguka, bali liliuvua uzi nguo. Ile nailoni ngumu iliuma plastiki ya njano, ikaitelezesha yote hadi nje kama ganda la ndizi, ikaacha ndani uzi mweupe uchi, unatetemeka. Nilipigwa butwaa. Nimevisha watu maisha yangu yote.

Siku hiyo nilipoteza inzi watatu, wote kwa migomba. Nikarudia fundo kwa njia nne, na njia zote nne zikamenya.

"Yaya," alisema Kasereka jioni, "kwa uzi usio na kitanzi, tumia msumari. Msumari mdogo. Unauweka kati ya..."

Mtandao ukakatika. Ukikatika Butembo jioni, unaagana nao hadi asubuhi. Nami sikutaka kungoja asubuhi.

Nilikwenda kwa jirani yangu seremala. Tulishauriana kwa heshima, kama madaktari wawili juu ya mgonjwa mmoja. Yeye alipendekeza msumari wa inchi moja. Mimi nikapendekeza utobolewe kwanza kwa sindano namba 18 ili plastiki isipasuke. Tukalaza uzi wa njano juu ya ubao, nailoni juu yake, tukapigilia msumari katikati ya zote mbili, tukaipinda ncha yake upande wa pili kama fundi viatu anavyofanya. Nailoni tukaizungusha mara kumi kwenye msumari. Seremala akaning'inia nayo, haikuachia. Alikataa malipo, akisema kazi kama ile inamheshimisha mtu.

Na hapa lazima niseme ukweli unaouma: mrusho wa msumari huo, bwawani, ndio uliokuwa bora kuliko yote niliyopata mwezi ule. Kwa mara ya kwanza kitu kiliruka. Uzi ulitoka, ukapiga filimbi juu ya kichwa changu, ukavuka bwawa lote, na msumari ukagonga sufuria ya sombe ya mke wa Mzee Kakule ng'ambo ya pili, kengele ikalia bonde zima. Bata wakapanda ukingoni. Mzee akatoka ndani na mizani mkononi, akidhani nimeua samaki.

"Unawinda nini, Kambale?" akaniuliza. "Sema, maana mimi hapa nina samaki tu."

Nikabaki na inzi saba.

Siku hizo kazi kibandani ilikuwa imelala. Miongoni mwa nguo zilizolala ni suruali ya mvuvi mmoja wa Kyavinyonge, kule kaskazini mwa Ziwa Edward, karibu na mahali mto Semliki unapotokea ziwani. Dada yake huleta samaki sokoni kwetu, na siku hiyo mvuvi mwenyewe alikuwa amefuatana naye kuichukua, akaikuta ina mguu mmoja. Nilitaka kusingizia umeme, lakini mashine yangu ni ya kukanyaga kwa mguu na alikuwa anaitazama. Halafu macho yake yakaangukia ufito.

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kucheka, jambo lililonipa wasiwasi zaidi. Akaniambia wao ziwani wakimtaka kambale, samaki siyo mimi, hutandaza kamba moja nene na ndefu, na juu yake, kila baada ya hatua kadhaa, wananing'iniza uzi mwembamba mfupi wenye ndoana. Ile nene akaiita mama, zile nyembamba watoto. Mamia ya watoto kwa mama mmoja.

"Na hawavuani nguo?" nikauliza.

"Wewe unamfunga mama na mtoto kwa pamoja, ndiyo maana wanagombana. Mama asikunjwe. Mwache amenyooka. Mtoto ndiye anayemkumbatia."

Akachukua uzi wangu wa njano. Akaomba kitu kigumu chembamba. Nikampa sindano ya kushonea magunia. Akailaza kando ya uzi, akaizungusha nailoni juu ya vyote viwili, uzi na sindano, mara sita, mzunguko kando ya mzunguko kama uzi kwenye bobini. Kisha akapitisha ncha ya nailoni kurudi chini ya mizunguko yake, kwenye ule mwanya ulioshikiliwa na sindano. Akachomoa sindano, akalitia fundo mate, akavuta pole pole ncha zote mbili. Mizunguko ikalala, ikauma, ikatulia. Nilivuta hadi mikono ikauma.

Kwa hiyo msumari ulikuwa wa kushikilia nafasi tu, kisha unatolewa! Seremala nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, akasema basi wangesema hivyo.

Mvuvi alinialika ziwani nikajaribu huko. Nilishukuru. Ziwa lile limo karibu lote ndani ya hifadhi ya Virunga upande wetu, na katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi hiyo walihesabiwa zaidi ya 20,000. Wamepungua sana tangu vita, maskini, lakini kwangu mmoja anatosha. Suruali yake niliimaliza usiku uleule, na sikumlipisha mguu wa pili.

Sasa nilikuwa na kiungo imara, na hapo ndipo taabu ya kweli ilipoanza, kwa sababu hapakubaki cha kulaumu. Kila jioni nilikwenda bwawani, nikapeleka uzi nyuma, nikangoja, nikautupa mbele, nao ukaanguka miguuni pangu kama tambi zilizoiva. Nikaongeza nguvu, tambi zikanizunguka shingo. Watoto wa bonde walianza kuja na viti. Inzi mmoja nilimshonea mwenyewe kwenye sikio langu, mwingine kwenye kofia ya mchungaji aliyesimama kunipa moyo. Wakabaki wanne, kisha wawili, kisha mmoja wa kahawia asiye na mvuto wowote.

Kasereka alijaribu kunisaidia kwa historia. Aliniambia kwamba zamani uzi mnene ulikuwa wa hariri iliyosukwa, ukipakwa mafuta ili uelee na kuanikwa kila usiku usioze. Na kwamba kabla ya kampuni ya Du Pont kuitangaza nailoni mwaka 1938, lida yenyewe ilitengenezwa kwa tezi za hariri za kiwavi, aliyeloweshwa kwenye siki kisha tezi zake zikavutwa hadi ziwe uzi. Kama fundi, hilo lilinigusa: mdudu mmoja amvishe tajiri hariri, kisha amvulie na chakula cha jioni. Aliniambia pia kwamba Waingereza waliofika Kenya walileta mayai ya samaki wa Uskoti na mwaka 1905 wakawapandikiza kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, yaani walitembea dunia nzima wakitafuta samaki halafu wakabeba wa kwao. Yote mazuri. Uzi wangu ukaendelea kuanguka.

"Nitumie video," akasema mwishowe. "Simama uani, rusha, nikuone mkono."

Masika akashika simu. Nikarusha mara tatu uani, kuku wakakimbia mara tatu. Majibu ya Kasereka hayakuchelewa, na hayakuwa na habari ya mkono.

"Yaya. Nyuma yako. Ile kamba ya njano yenye chupi za watoto ni nini?"

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, habari ya mume mwema.

Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika tena. Halafu akaanza kueleza taratibu, kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mzee aliyefiwa. Inzi wa manyoya hana uzito. Hata ungemrusha kwa nguvu za Samsoni hafiki. Kwa ndoana ya kawaida ni risasi inayobeba uzi. Hapa hakuna risasi, uzi wenyewe ndio jiwe. Na jiwe hilo halikutandazwa sawasawa. Zile herufi WF maana yake ni kwamba uzito wote umesogezwa mbele, kwenye mita kumi na kitu za kwanza. Nyuma yake ni uzi mwembamba wa kufuata tu, kama mkia wa tiara. Hata ile namba 8 haipimi uzi mzima. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa Marekani walikubaliana kupima futi 30 za mwanzo peke yake, yaani mita 9 na sentimita 14, na namba 8 ni uzi ambao kipande hicho kina gramu kama 13 na nusu.

Gramu 13 na nusu. Zilikuwa nyuma yangu, toka mparachichi hadi pembe ya jiko, zimebeba sare za shule. Kitanzi nilichoambiwa sina kilikuwa kwenye msumari. Mwezi mzima nilikuwa nikirusha mkia, na mrusho pekee uliofika ulifika kwa sababu seremala aliuongezea chuma.

Nilikwenda kwa Mama Masika. Nilianza na hali ya hewa.

"Baba Masika, kamba ulinipa au uliniazima?"

"Nilikupa, lakini..."

"Kwa mkono wako mwenyewe? Ulipima wewe? Ulikata wewe?"

Angeweza kuwa hakimu wa amani. Tulikubaliana kwa masharti: ninunue kamba nyingine, nzuri, na ile ya njano niivue siku nguo zikiwa zimekauka.

Hapo nikawa na ncha mbili nene za kuunganisha, kazi ambayo fundo la mvuvi haliifai, kwa kuwa hakuna mtoto hapo, ni mama wawili. Kasereka alikuwa anaeleza njia fulani ya kukunja ncha ya uzi kuwa kitanzi na kuifunga kwa uzi mwembamba uliokazwa sana, mzunguko kando ya mzunguko, kwa kuuzungusha na kitu kizito kama...

"Bobini," nikasema.

"Ehe, bobini. Unajua?"

Nilimkatia simu mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Nilikunja kila ncha sentimita tatu, nikapunguza plastiki kwa wembe ili mahali pa kukunjwa pasiwe na nundu, nikaning'iniza bobini ya uzi wa jinzi na kuizungusha kwa mkupuo mmoja hadi uzi ukalala kama kosi la shati la harusi. Tone la gundi juu. Vitanzi viwili, kimoja kila upande, vikapeana mikono. Seremala aliitwa kuning'inia. Haikuachia.

Jumapili baada ya misa nilikuwa bwawani. Nikachomeka lida kwenye kile kitanzi cha kiwandani, nikamfunga inzi wa mwisho, yule wa kahawia. Nikapeleka nyuma, juu ya migomba safari hii, nikangoja. Niliusikia uzi ukijinyoosha, ukivuta ncha ya ufito kama mtoto anayevuta kanzu. Nikautupa mbele. Ulitoka, ukaendelea kutoka, kiungo changu cha bobini kikapita kwenye pete za ufito kwa mlio mdogo, tik, na inzi akatua katikati ya maji bila hata kuyaamsha. Watoto kwenye viti hawakusema neno. Tilapia mmoja, aliyezoea pumba, alipanda kutazama ni nini, akafungua mdomo kwa udadisi tu, naamini.

Gramu mia tatu na ishirini. Mzee Kakule alipima mara mbili, akapokea franka zake, akaniuliza kama sasa nitarudi kushona suruali za watu.

Kamba niliyomnunulia Mama Masika ilikuwa ya katani, nene na ya gharama. Ikinyeshewa inaacha mstari wa kahawia kwenye mashati meupe, begani hadi begani, hata mwalimu mkuu aliuliza kama ni sare mpya. Tumeitoa. Sasa, kwa kuwa uzi wa njano una vitanzi pande zote, unachomolewa na kuchomekwa bila fundo lolote, Mama Masika ameona hapana sababu ya kugombana. Jumapili ni zamu yangu. Jumamosi kitanzi kimoja kinakaa pembe ya jiko, kile cha kiwandani kinarudi kwenye msumari wa mparachichi, na gramu 13 na nusu zinakausha mashati ya watoto sita.